Tugome siku moja na wengine?

SWALI: Mimi ni mwalimu. Chama chetu kinataka kugomea mishahara siku moja na wauguzi na makarani wa serikali. Wenzangu wanahofia madai yetu yatamezwa. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu mwalimu, hofu hiyo naijua. Nilikuwa katibu wa tawi la makarani mwaka ule wauguzi walipogoma kabla yetu. Mwajiri alimalizana nao kwa nyongeza ndogo, kisha akatugeukia: “Wenzenu wameridhika, ninyi mnataka nini tena?” Tulirudi kazini mikono mitupu. Neno lile linaniuma hadi leo.

Kugoma siku moja si kuchanganya madai. Tarehe 1 Februari 2023, huko Uingereza, walimu, watumishi wa serikali, wahadhiri na madereva wa treni waligoma pamoja, lakini kila chama kilikuwa kimepiga kura yake na kilikuwa na mgogoro wake. Sheria ya huko hailindi mgomo wa kuwaunga mkono tu wafanyakazi wa mwajiri mwingine. Walichokubaliana ni tarehe.

Kwa hiyo hakikisheni kura na notisi zenu ziko sawa. Halafu andikianeni kabisa: chama kikiitwa peke yake na kupewa ofa, kitafanya nini? Sisi tulivunjikia hapo, wala si barabarani. Na wauguzi wapange zamu za dharura mapema, mgonjwa asiachwe bila mtu.