Kwa nini mrija wa kawaida haumfai mzee

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza kwa nini daktari amekataa kumwekea mzee stenti ya kawaida yenye kitambaa (mrija wa wavu uliovikwa kitambaa, unaowekwa ndani ya mshipa uliovimba ili damu ipite humo), ilhali jirani yenu aliwekewa na akarudi nyumbani upesi. Tofauti iko mahali ulipo uvimbe, yaani sehemu iliyotanuka ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Mrija wa kawaida huhitaji kipande cha aota kisicho na uvimbe, chini ya matawi yaendayo kwenye figo, ili ushike na kuziba sawasawa. Uvimbe ukipanda hadi kwenye matawi hayo, mrija huo ungeyafunika na figo zingekosa damu. Ndiyo maana hutengenezwa mrija wenye matundu au vitawi vyake, uliopimwa kwa picha za siti skani za mgonjwa mwenyewe, kisha kila tundu huunganishwa na tawi lake kwa stenti ndogo zinazopitishwa kinenani, pengine mkononi. Kuutengeneza kwa kipimo huchukua wiki kadhaa (na bei yake, niseme wazi, haishikiki), kwa hiyo haumfai mtu ambaye uvimbe wake umekwisha kupasuka. Hata akishawekewa, mzee ataendelea kupigwa picha mara kwa mara, kwa kuwa damu huweza kuvujia ndani ya uvimbe pasipo maumivu yoyote.