Fundi Anajibu: Land Rover ya zamani kwenye gesi

SWALI: Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya cc 2,286. Injini iko chini, imefunguliwa yote. Nikiirudisha nataka itumie gesi (LPG, ya aina ya ile ya jikoni). Nibadilishe nini ndani? – Msomaji, Lanet, Nakuru

JIBU: Umeuliza kwa wakati wake, maana kazi kubwa iko kwenye hedi, na ya kwako tayari iko mezani.

Gesi hupunguza nguvu kidogo. Inaingia kwenye silinda ikiwa mvuke, kwa hiyo inakalia nafasi ya hewa, kama asilimia 4 ya ujazo. Petroli huipoza hewa inapogeuka mvuke ndani ya manifoldi. Gesi haikupi faida hiyo. Nakuru nako, mita 1,850 hivi juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20. Dawa ni kuongeza mgandamizo, yaani mara ngapi ujazo wa silinda unabanwa pistoni inapopanda juu; 9:1 ni mara tisa. Propani tupu ina oktani zaidi ya 100, na ndiyo sababu maelekezo ya Marekani huruhusu 10:1 na kupita. Usiyafuate. Gesi ya hapa ni propani iliyochanganywa na butani, na butani huanza kugonga (kulipuka kwa kishindo badala ya kuungua vizuri) mapema zaidi. Lenga 9:1, uishie hapo.

Hesabu yake ni hii. Silinda moja ni cc 571.5. Kwa 8:1 ya kawaida, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni cc 81.6, kwa 9:1 ni cc 71.4. Unatakiwa kupunguza cc 10 hivi kwa kukata uso wa hedi. Zipo pia injini zilizotoka kiwandani na 7:1, nafasi cc 95.3, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kupeleka hedi ikakatwe. Funga valvu na plagi, paka grisi ukingoni, lalisha kipande cha plastiki ngumu chenye tundu dogo, kisha jaza mafuta ya taa kwa sindano ya hospitali ukihesabu cc. Ongeza ujazo wa gasketi. Vyumba vyote vinne vipimwe, na visipishane zaidi ya cc 1. Fundi wa mashine anayekata kwa kukisia hatakulipia pistoni.

Kisha viti vya valvu. Gesi ni kavu, haina risasi wala chochote cha kulainisha, na kiti laini cha valvu ya ekzosi huliwa taratibu hadi valvu inazama. Weka viti vya chuma kigumu upande wa ekzosi. Dalili ya kuliwa ni nafasi ya tapeti kupungua, na wenye gari hudanganyika kwa kuwa injini hunyamaza vizuri. Kipimo ni milimita 0.25, injini ikiwa moto. Kagua kila kilomita 5,000.

Sasa umeme, na hapa ndipo gari nyingi za gesi huharibikia huku lawama zikienda kwa gesi. Mchanganyiko wa gesi unahitaji volti nyingi zaidi ili kuwaka. Plagi iwe baridi hatua moja kuliko ya kawaida, nafasi milimita 0.6, na waya, kofia ya distributa na rota ziwe mpya. Gesi huanza kuungua polepole, kwa hiyo sogeza taimingi ya mwanzo (wakati cheche inapowaka injini ikizunguka taratibu) mbele digrii 4 hadi 6 kuliko ya petroli, lakini jumla kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, bomba la vakyumu likiwa limetolewa, isizidi digrii 30 hivi. Hii ina maana kuzuia vyuma vizito vya ndani ya distributa, vinavyosogeza cheche mbele mwendo ukipanda, visifunguke sana. Ukizungusha distributa peke yake, jumla itapita na injini itagonga mlimani.

Regulata ya gari, kifaa kinachogeuza gesi majimaji kuwa mvuke, hupashwa moto na maji ya injini. Ifunge chini ya usawa wa juu wa rejeta ili isishike hewa, na thamostati, inayozuia maji mpaka injini ipate moto, irudi mahali pake. Tabia ya mafundi wetu ya kuitoa na kuitupa inaua gari la gesi: maji hayapati moto, regulata inaganda barafu, na gesi inafika injini ikiwa bado majimaji.

Kurekebisha: kwa mizunguko 3,000, funga skrubu ya bomba kubwa la gesi mpaka mizunguko ianze kushuka, fungua mpaka ishuke tena, iache katikati, ukiegemea kidogo upande wa gesi nyingi. Ndipo uweke mizunguko ya injini gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta, kisha rudia yote mawili, maana kimoja huvuta kingine.

SWALI: Peugeot 504 yangu ya gesi hulipuka ndani ya kabureta nikikanyaga ghafla, hata kifuniko cha filta kimepasuka. Je, nikienda nayo Nakuru nirekebishe upya? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Moto unarudi kwenye manifoldi kwa sababu gesi ni chache au cheche ni dhaifu. Anza na waya za plagi: injini ikiwaka gizani, utaona cheche zikiruka mahali zinapovuja. Kisha filta ya hewa iliyoziba, taimingi iliyochelewa, na valvu ya kuingiza isiyofunga sawasawa. Skrubu ya gesi iwe ya mwisho.

Kuhusu Nakuru, hapana. Kabureta ya petroli huzidisha mafuta ukipanda, lakini regulata hufuata kanieneo ya hewa ya mahali, na gesi hupungua pamoja na hewa.

SWALI: Naweza kutumia mtungi wa jikoni wa kilo 13? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Usithubutu. Mtungi huo hutoa mvuke kutoka juu, hupoa na kukosa nguvu injini ikivuta, na hauna valvu ya kuzuia ujazo kupita asilimia 80. Gesi majimaji hutanuka juani. Nunua tangi la magari: la lita 60 hupokea lita 48 tu, na Land Rover itakula lita za gesi zaidi ya za petroli kwa kama robo. Valvu ya umeme ijifunge yenyewe injini ikizima hata ufunguo ukiwa umewashwa. Viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni, na gari lisilale juu ya shimo la kukarabatia, kwa kuwa gesi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini.