Ukihamia kijijini Ujerumani, anza na chai

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja Ujerumani kusomea uuguzi huniuliza sana habari za Berlin na Hamburg. Wengi wenu hamtapangiwa huko. Mtapangiwa mahali kama hapa nilipo mimi, Krummhörn, pwani ya Ostfriesland, kaskazini-magharibi kabisa. Ni halmashauri moja iliyoundwa mwaka 1972 kwa kuunganisha vijiji 19, na wakazi wake ni kama 12,000. Ardhi ni tambarare, bahari imezuiwa kwa tuta refu wanakolisha kondoo, na vijiji vya kale vimekaa juu ya vilima ambavyo watu walivijaza udongo wenyewe ili maji yasiwafikie.

Nilitoka Tanga nikiamini chai naijua. Hapa nimefundishwa upya. Kwanza kikombe kidogo cha kaure huwekwa bonge la sukari mawe, wanaliita Kluntje. Chai kali ya rangi ikimiminwa juu yake, bonge hulia likipasuka, na watu hunyamaza kidogo wausikie mlio huo. Kisha, kwa kijiko kilichopinda, malai huteremshwa taratibu ukingoni mwa kikombe, yakazama, halafu yakapanda juu kama wingu. Usikoroge! Funda la kwanza ni la malai, la kati lina uchungu wa majani, la mwisho ni sukari tupu, na wenyewe wanataka uonje vyote vitatu kwa mpangilio huo.

Vikombe ni vitatu, chini ya hapo unamvunja moyo mwenyeji. Ukitosheka, weka kijiko ndani ya kikombe. Mimi sikulijua hilo. Siku ya kwanza kwa jirani yangu, bibi wa miaka themanini na ushee, nilikiacha kijiko kwenye kisahani, naye akawa anamimina, nami nakunywa kwa adabu, mpaka cha sita. Alipong'amua, alikichukua kijiko changu akakilaza kikombeni, akanishika mkono. Toka siku hiyo mlango wake uko wazi kwangu. Watu wa huku wanakunywa takriban lita 300 za chai kwa mtu kwa mwaka, na tangu 2016 desturi yao imo kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa hiyo mtu akikuambia "njoo unywe chai", usimjibu kwamba umechoka na zamu. Nenda.

Lugha nayo itakutikisa. Utafika na cheti chako cha Kijerumani, kisha mzee unayemwogesha asubuhi akuzungumzie Kiplatt, lugha ya nyumbani kwao. Mwombe akufundishe neno moja kila siku. Salamu ni rahisi: "Moin", asubuhi, mchana na usiku, kwa kila unayepishana naye.

Sasa sikilizeni hili la ujirani, maana ndilo wageni wengi hulikosa. Hapa ujirani hautokani na kupendana, unatokana na nyumba yako ilipo. Jirani akioa, au akitimiza miaka 25 ya ndoa, majirani humfungia tao la matawi ya kijani mlangoni, lenye mawaridi ya karatasi. Mawaridi hayo hutengenezwa kwa mkono, jioni kadhaa, mezani kwa mtu. Nilipoalikwa mara ya kwanza nilidhani wamekosea nyumba. Nilikata karatasi nyekundu mpaka vidole vikachubuka, na kwa jioni tatu nilijua majina, magonjwa na watoto wa mtaa mzima kuliko nilivyojua kwa mwaka uliotangulia. Vinywaji vikali huwa vingi kwenye shughuli hizo. Kama hutumii, sema mapema kwa neno moja, watakuletea juisi na hakuna atakayekushurutisha.

Mengine ni ya sheria tu. Jiandikishe ofisi ya halmashauri ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Jumapili usitoboe ukuta wala kukata majani kwa mashine, na maduka yamefungwa, basi nunua chakula Jumamosi. Tafuta baiskeli, mabasi ni machache.

Na tarehe 10 Novemba jioni usizime taa. Sehemu nyingi za Ujerumani watoto hutembea na fanusi tarehe 11, siku ya Mtakatifu Martin. Huku ni tarehe 10, siku aliyozaliwa Martin Luther, na watoto huimba mlango kwa mlango wakitarajia chochote kitamu. Mwaka wangu wa kwanza kengele ililia, nikaogopa, nikakaa kimya gizani. Niliwasikia wakimaliza wimbo wao wote, kisha wakaondoka polepole. Iliniuma sana. Sasa bakuli la peremende liko tayari kuanzia saa kumi jioni, na mlango naufungua kabla hawajabonyeza kengele.