Barua kwa mwanangu: ile m isiyo na mwenzake

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama miaka minne ni mapema mno kumfundisha mjukuu wangu kusoma, na kama uanze na majina ya herufi au silabi. Silabi, ndiyo. Ukimwambia hii ni "em" na hii ni "a", neno mama atalisoma "emaema". Mpe ma, me, mi, mo, mu, aziimbe mpaka siku atakapokuta mama na mimi mwenyewe. Sikio kwanza, jicho baadaye. Baba yako alichoka kunisikia nikisema hivyo.

Lakini linaloninyima usingizi si hilo. Unaikumbuka "mutu"? Pengine hukumbuki. Nilikuwa nimekukaririsha kanuni yangu kwamba konsonanti haitembei bila irabu. Ukakaa sakafuni, bila kuambiwa na mtu, ukaandika: "baba ni mutu mukubwa". Sentensi yako ya kwanza! Nami hata sikuisoma. Nilichukua kalamu nyekundu nikakata zile u mbili zilizofuata m. Ukaniuliza, "Mama, sasa m iko peke yake. Mwenzake yuko wapi?" Nilikosa jibu, nikakufokea. Hukushika kalamu kwa muda mrefu.

Na haki ilikuwa yako. M ile ni silabi nzima, inajitosheleza: m-tu, m-to-to. Wala u yako hukuizua. Lugha jamaa na yetu hadi leo husema muntu, na sisi wenyewe tunaandika muhogo. Wewe ulifuata kanuni niliyokupa, mimi ndiye niliyeivunja kisha nikakuadhibu wewe. Sikio kwanza, nilisema, halafu lako nikaliziba.

Basi tusisahihishe? Hapana, sisemi hivyo. Mtoto akizoea "ngombe" bila ritifaa, kile kialama cha juu katika ng'ombe, atakuja kuisoma kwa ng ya ngoma, na kumrudisha ni kazi. Ila baba yako hakusahihisha chochote. Alikuwa akisoma kwa sauti kubwa kama ulivyoandika, "mutu mukubwa!", huku akijipigapiga kifua, nawe ukicheka mpaka unaanguka. Kesho yake karatasi ulimpelekea yeye, si mimi. Iliniudhi. Bado inaniudhi kidogo, maana huenda alijua alichokuwa akifanya. Au alikuwa mvivu tu, sijaamua.

Kuhusu hiyo miaka minne, mtoto ni wako na mimi nimeshafanya makosa yangu. Nanyamaza. Nasema tu kwamba wewe ulikuwa na mitano, na hukuchelewa popote.

Akiandika neno lake la kwanza, nitumie hiyo karatasi kabla hujaigusa.

Mama yako