Kina cha barafu kutoka mara mbili

Yakhe nimekufahamu, uko Chake unasoma data za rada za Greenland, kina cha barafu kinakutokea kilomita 6 na unataka kuitupa data yenyewe. Usiitupe! Mie yalinikuta hayo hayo. Ule mwangwi wa rada wa maikrosekunde 36 (maikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde) umekwenda mpaka chini ya barafu ukarudi juu, ndo maana kina kimetoka mara mbili, basi zidisha kwa mita 168, ndo mwendo wa redio ndani ya barafu kwa kila maikrosekunde, kisha gawa kwa 2, utapata mita 3,024. Na ile mistari ya katikati kwenye picha ya rada usiifute tafadhali, ni matabaka ya theluji za kale, mingine ina asidi ya volkano, utamu wenyewe ndo huo. Theluji laini ya juu hupitisha mawimbi haraka zaidi, marekebisho yake muulize mwalimu wa fizikia kabla hujaandika ripoti.