Ukishika mtoki, mvue mgonjwa viatu

Wadogo zangu mnaoanza zamu za zahanati, neno "mtoki" litawasumbua. Vitabuni ni ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria wa klamidia. Mitaani ni uvimbe wowote wa kinena, na hapo ndipo tunapowaonea watu: kijana ana mpasuko katikati ya vidole vya mguu, sisi tunamhoji habari za wanawake.

Tezi za kinena hupokea limfu, yaani majimaji ya mwili yanayochujwa na tezi, kutoka mguu, makalio, ukuta wa tumbo chini ya kitovu, sehemu za siri za nje na mwisho kabisa wa njia ya haja kubwa. Zilizolala kufuata mkunjo wa paja huvimba zaidi kwa mambo ya sehemu za siri na makalio. Zinazoshuka wima pajani huvimba kwa mambo ya mguu. Korodani hazimo, kwani limfu yake hupanda hadi tezi za ndani ya tumbo, hivyo mwenye saratani ya korodani unaweza kumpapasa kinena usikute kitu.

Nilichelewa kulielewa hili. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja bibi mmoja mwenye uvimbe mgumu kinenani, usiouma. Nikampa amoksilini. Akarudi, nikampa tena. Mara ya tatu muuguzi niliyekuwa naye zamu akamwambia, "Bibi, hebu vua kandambili." Unyayoni palikuwa na doa jeusi, kingo zimepindapinda, katikati limechimbika. Ilikuwa melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwetu sisi weusi hutokea zaidi unyayoni na chini ya kucha, nayo ilishafika kwenye tezi. Zile wiki sita za bibi yule nilizipoteza mimi.

Ukikuta kidonda sehemu za siri, uliza maumivu. Cha kaswende hakiumi, na tezi zake huwa ngumu kama mpira, nazo haziumi. Cha pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa, kinauma, na mtoki wake huuma na kutunga usaha. Usiupasue, jeraha litachelewa kufunga. Nyonya usaha kwa sindano ukipitia ngozi ya pembeni isiyougua.

Homa ya ghafla na mtoki usiogusika kwa maumivu, hasa maeneo kama Lushoto ambako tauni ilisumbua tangu 1980, ni dharura ya siku hiyohiyo. Viroboto wanaoieneza huuma miguuni, ndiyo maana kinena hutangulia.

Wanaotembea peku wengi wana vitezi vidogo, laini, vinavyosogea. Hivyo visikutishe. Uvimbe unaotoka mgonjwa akikohoa na kurudi akilala, fikiria ngiri.

Vuta pazia, omba ruhusa, kagua kuanzia kitovuni hadi kuchani, mbele na nyuma. Kisha andika kwenye faili upande, sentimita, na kama tezi inasogea, ili atakayekuwa zamu wiki ijayo ajue kama imekua.