"Would" mbili za nini? Masharti ya Kiingereza kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili

Wiki ya kwanza nilipoanza kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja kaskazini mwa Unguja, nilikabidhiwa kadi za kuweka vyumbani. Zimeandikwa: "Should you need extra towels, please dial 0." Nilizisoma mara mbili. Kichwani mwangu "should" ni "unapaswa", na "should you" ni swali, kwa hiyo nikaelewa kwamba hoteli inamuuliza mgeni kama ana wajibu wa kuhitaji taulo. Nikaziweka hivyohivyo. Mshahara wenyewe haukuwa wa kuhoji kadi.

Kilichoniamsha ni barua pepe. Mgeni alifika asubuhi mapema, chumba hakijasafishwa, akaandika kulalamika. Nikamjibu: "If we would have known your flight was early, we would have prepared the room." Kabla sijaituma meneja wangu, mama mmoja wa Mombasa, akachungulia begani kwangu. "Mwanangu, would mbili za nini? Hiyo ya kwanza itoe." Akafuta, akaandika "If we had known", akaenda kupokea simu. Maelezo hakunipa.

Usiku ule, zamu ikiwa kimya, niliiandika sentensi kwa Kiswahili: "Tungejua, tungeandaa chumba." Nikaliona kosa palepale. Kiswahili kinapenda mizani: ukiweka -nge- huku, unaweka -nge- na kule. Mimi nilichukua kila -nge- nikaibandika "would". Kiingereza hakigawi hivyo. "Would" inakaa upande wa matokeo. Upande wa "if" kitenzi kinarudi hatua moja nyuma kwenye wakati, basi. (Utawasikia Wamarekani wakisema "if I would have known" kwenye maongezi. Waache, kwao. Kwenye barua ya kazi au mtihani itahesabiwa kosa. Na ukikuta "If you would follow me, please", hilo si sharti, ni ombi la adabu.)

Shida ya pili inatoka mitaani kwetu. Shuleni tulifundishwa kutofautisha -nge- na -ngali-, lakini nani anaongea hivyo? Siku hizi -nge- inabeba kila kitu. "Ningekuwa na pesa ningenunua ile simu" inaweza kuwa ni sasa hivi, inaweza kuwa mwaka juzi. Msikilizaji atajua mwenyewe. Kiingereza hakikubali kumwachia msikilizaji kazi hiyo. Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo, jiulize: lini?

Kama ni sasa: "If I had money, I would buy that phone." Usitishwe na "had", umbo ni la jana lakini habari ni ya leo, pesa huna hadi dakika hii. Kama ilishapita: "If I had had money, I would have bought it." Hiyo "had had" inaonekana kama kigugumizi, nami niliiogopa miaka mingi, lakini ni sahihi. Na kuna ile inayochanganya, sharti la zamani na matokeo ya leo: "If I had learnt Arabic, I would be working in Muscat now." Hapa kwetu sentensi hiyo ina wenyewe wengi.

Sasa turudi kwenye kadi. Kwa Kiswahili huna haja ya kusema "kama ningejua". "Ningejua" inatosha, sharti limo ndani ya kitenzi. Vitabu vya Kiingereza vinaipa mbinu ya namna hii jina zito na kuipeleka sura za mwisho, lakini sisi tumeinyonya na maziwa: unaitoa "if", unakitanguliza kitenzi kisaidizi. "Had we known, we would have prepared the room." Vinavyofanya kazi hii hasa ni vitatu: "had" kwa yaliyopita, "were" kwa ya kudhania tu, kama "Were I the owner, I would repaint this place", na "should" kwa maana ya "ikitokea". Ile kadi basi ilikuwa inasema: ikitokea ukahitaji taulo za ziada, piga 0. Haikuuliza kitu.

Ukikanusha, usifupishe. Andika "Had it not rained, we would have arrived early." Usiandike "Hadn't it rained", hapo umeuliza swali kweli.

Umbo hili ni la barua, si la barazani. Niliwahi kumwambia mwenzangu wa zamu, "Had I known you were going to Darajani, I would have sent you." Alicheka hadi akakaa chini, na wiki nzima akaniita balozi.

Zoezi langu lilikuwa daftari la majuto. Kila usiku, jambo moja nililolijutia siku ile, la kweli, kwanza kwa Kiswahili, kisha swali la "lini?", kisha Kiingereza kwa "if", halafu bila "if". Mifano ya vitabuni kuhusu kushinda bahati nasibu haikunikaa. Dala dala iliyoniacha ilinikaa. "Had I left five minutes earlier, I would not have walked." Hiyo siisahau, miguu inaikumbuka.

Mwaka jana kadi za vyumbani ziliisha, nikapewa mimi kuandika mpya. Nimeandika: "If you need extra towels, dial 0." Wageni wetu wengi ni Waitaliano, nao wana ugomvi wao na Kiingereza.